Chama Kilichowazidi Umri Waimbaji Wake



Sisi ni mafrateri watatu, na mwaka wetu wa uchungaji tunaufanya Unguja. Ukikaa Mji Mkongwe kwa majuma machache tu, utalizoea swali moja la wageni. Wanatoka Misa ya Jumapili katika Kanisa la Mtakatifu Yosefu, ambalo wenyeji huliita Minara Miwili, wanaipiga picha ile minara, kisha wanatusogelea na kutuuliza: nyumba ya Freddie Mercury iko wapi? Tunawaelekeza Shangani. Ni kweli, yule mwimbaji wa kundi la Queen alizaliwa kisiwani hapa tarehe 5 Septemba 1946, kwa jina la Farrokh Bulsara, mtoto wa familia ya Kiparsi. Aliondoka na wazazi wake mwaka 1964, na huko Uingereza, mwaka 1970, yeye na wenzake wakaanzisha kundi lililojulikana dunia nzima.

Jumapili moja alikuja Mmarekani mtu mzima, mwenye mvi na fulana iliyoandikwa ZZ Top. Tulifuatana naye hadi Jaws Corner, pale wazee wanapokaa barazani kunywa kahawa na kucheza bao. Akatuambia kwamba Queen ni wazuri, lakini kwao Marekani kuna jambo kubwa zaidi. Hao ZZ Top walianza Houston mwaka 1969, na kuanzia 1970 walikuwa watu watatu walewale kwa miaka zaidi ya 50, hadi mmoja wao, Dusty Hill, alipofariki mwaka 2021. Makundi mengi ya roki huvunjika baada ya miaka michache, alisema. Hawa waliweza kuvumiliana nusu karne. Kisha akauliza kwa majivuno kidogo kama kuna kundi jingine lililodumu namna hiyo.

Tuliwatafsiria wazee. Mmoja wao, ambaye ujanani alipiga fidla, akakiweka chini kikombe chake.

“Mwambieni, wanangu, hapa petu pana chama cha taarab cha tangu 1905. Waliokianzisha wote wameshazikwa, na chama kipo.”

Mgeni alicheka, akaandika kitu kwenye simu yake, akaenda Shangani. Sisi tulibaki barazani tumenyamaza. Maneno ya mzee yalikuwa yametugusa mahali penye kidonda.

Kidonda chenyewe ni hiki. Wawili kati yetu tunatoka parokia moja huko bara. Kabla ya kwenda kusoma falsafa, tulianzisha kwaya ya vijana parokiani kwetu. Mmoja alipiga kinanda, mwingine alifundisha sauti na ndiye aliyeimba soprano, tena, besi na alto zote akizionyesha kwa mdomo wake, kwa kuwa hakuna mwingine aliyejua kusoma nota. Kwaya ilivuma. Watu walitoka vigango vya mbali kuja Misa yetu ya pili. Tulirekodi albamu, tukashona sare mbili. Kila likizo tuliporudi tulipokelewa kama wafalme, na tulipenda kupokelewa hivyo. Mtoto akija kugusa kinanda tulimfukuza: “Utaharibu mipangilio.” Kijana akiomba kufundishwa nota tulimwambia asubiri likizo ijayo.

Tulipoanza mwaka wa uchungaji hatukurudi likizo. Ukazuka ugomvi juu ya fedha za albamu, na ugomvi ule haukumpata mtu wa kuutuliza. Pasaka iliyofuata paroko alitupigia simu. Hakulalamika. Alisema tu kwamba kinanda kimefunikwa kitambaa, kwamba walioimba mkesha ni watu sita, na kwamba wimbo wa katikati ulisomwa. Tulimwambia tunasikitika sana. Baada ya kukata simu tulianza kuwalaumu waliogombania fedha, kisha mwenzetu wa tatu, ambaye hakuwahi kuiona kwaya hiyo, akauliza: “Na ufunguo wa chumba cha kinanda mlimwachia nani?” Hatukuwa tumemwachia mtu. Ulikuwa kwenye begi letu, hapa Unguja.

Ndiyo maana maneno ya mzee hayakutuchekesha. Tulianza kuuliza habari za hicho chama, na kadiri tulivyosikia ndivyo tulivyojiona wadogo.

Jina lake ni Ikhwani Safaa, yaani ndugu wenye nia safi. Jina hilo lina asili ya mbali. Katika karne ya 10, huko Basra, palikuwa na jumuiya ya wanafalsafa Waislamu walioitwa hivyohivyo. Waliandika nyaraka 52 juu ya elimu za aina nyingi, na mmoja wa nyaraka hizo unahusu muziki. Sisi tuliosoma falsafa tulikutana nao darasani kwa mistari michache tu. Hatukujua kwamba jina lao linaishi katika vichochoro vya Mji Mkongwe, likibebwa na wapiga fidla.

Taarab yenyewe ilikuwapo kabla ya chama. Inasimuliwa kwamba Sultani Seyyid Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, alipenda muziki wa Misri hata akamtuma Mohamed Ibrahim Kairo kujifunza kupiga kanuni, na kwamba aliporudi alianzisha kundi la kumtumbuiza Sultani. Ulikuwa muziki wa ikulu. Ikhwani Safaa haikuwa hivyo. Ilikuwa jumuiya ya vijana wa mjini waliokutana jioni, wenye kazi zao za mchana, wakachanga, wakaagiza ala na kujifunza. Walipenda muziki na walipendana. Hawakuwa na mfalme wa kuwalisha, na labda hilo ndilo lililowaokoa, kwa maana mfalme akiondoka wapiga ngoma wake huondoka naye.

Karne iliyofuata haikuwa shwari. Zilikuja vita mbili za dunia. Yalikuja Mapinduzi ya 1964, na vyama vya muziki vikaingia katika mpangilio mpya wa nchi. Kwa muda chama hiki kilijulikana kwa jina la Malindi, mtaa wa Mji Mkongwe, kabla ya kulirudia jina lake la kale. Mwaka 1988 wazungu walikuja kurekodi taarab ya Unguja, na santuri moja katika mfululizo huo ilikuwa ya Ikhwani Safaa. Mwaka 2005 chama kilitimiza miaka 100, na huko Ufaransa ikatolewa sidii ya kuadhimisha karne hiyo. Mwaka 2020, siku yenyewe ya Noeli, sehemu ya jumba la Beit el Ajaib alilolijenga Barghash iliporomoka. Jumba la Sultani limeanguka upande mmoja. Chama cha vijana waliochangishana bado kinapiga.

Si chama hicho peke yake. Kuna Culture Musical Club, chenye makao yake Vuga, kilichoanza mwaka 1958 na ambacho baada ya Mapinduzi kiliitwa Mila na Utamaduni. Ndicho kilichompigia Bi Kidude katika maonyesho mengi, nyumbani na ng'ambo. Bi Kidude, yaani Fatuma binti Baraka, alipewa tuzo ya dunia ya WOMEX mwaka 2005, na alifariki tarehe 17 Aprili 2013. Watu walilia, kwa haki. Lakini wapigaji hawakufungasha ala zao. Walikuwa na waimbaji wengine, na wapigaji vijana waliokwisha kukaa kando ya wakubwa.

Tusifikiri kwamba wasiokuwa na chama hawakuwa wakubwa. Siti binti Saad, mtoto wa Fumba aliyeuza vyungu, aliingia mjini mwaka 1911 na akawa mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki kurekodi santuri, alipokwenda Bombay mwaka 1928. Yeye ndiye aliyeipeleka taarab ya Kiswahili kwa watu wa kawaida, wakati ikulu na wakubwa walizoea Kiarabu. Shaaban Robert alimwandikia wasifu. Siti alifariki mwaka 1950. Sauti yake ipo kwenye santuri, na nyimbo zake zinaimbwa na wengine hadi leo. Mungu huwainua watu wa namna hiyo, nasi tunamshukuru. Ila wengi wetu si Siti, na parokia haiwezi kumngoja Siti azaliwe ndipo iimbe.

Tulimwomba yule mzee atuonyeshe siri ya vyama hivi. Akacheka, akasema hakuna siri, twende mazoezini. Jioni moja, baada ya sala ya Isha, alitupeleka kwenye mazoezi ya kikundi kimoja cha taarab. Tulivua viatu mlangoni, tukakaa kwenye mkeka.

Kwanza tulingoja. Kanuni ina nyuzi zaidi ya 70, na kila moja lazima ilinganishwe. Mpigaji aliinamia nyuzi zake kwa muda mrefu, na hakuna aliyemharakisha. Mpiga udi alikuwa mzee. Kando yake alikaa kijana wa miaka kumi na sita hivi naye ana udi, akiyafuata macho ya mzee kuliko mikono yake. Akikosea, mzee hakusimamisha wimbo. Aliurudia tu mshororo kwa nguvu kidogo, kijana akasikia, akajirekebisha.

Kisha wakapiga bashraf. Huu ni muziki wa kufungulia, usio na mwimbaji. Fidla, kanuni, udi, nai, akodiani, dumbaki na rika vilikwenda pamoja kwa dakika nyingi, na huwezi kusema wimbo ule ni wa nani. Mzee akatunong'oneza: “Hapa kila mtu anajua kwamba hakuja kujisikiliza mwenyewe.”

Baada ya hapo ndipo alipoinuka mwimbaji. Alikuwa amekaa safu ya nyuma pamoja na waitikiaji. Alikuja mbele, akaimba beti zake kwa sauti iliyotufanya tusahau kupumua, kisha akarudi kukaa palepale, na wimbo uliofuata yeye akawa mwitikiaji wa mwenzake. Hivi ndivyo taarab ya vyama ilivyo: kila mwimbaji ana nyimbo zake, na nyimbo za wengine anaziitikia. Tulitazamana. Katika kwaya yetu msoloisti alikuwa na kiti chake mwenyewe. Siku asipoimba hakuja.

Tulipokuwa tunarudi, tulimuuliza mzee kama hakuona uchungu kuacha kupiga. Alikuwa hodari, wenzake walikuwa wametuambia. Alitembea kimya kidogo kwenye kile kichochoro, kisha akasema:

“Niliona. Mie nilikaa na fidla miaka mingi. Lakini yule kijana niliyemfundisha aliponizidi, nilijua kwamba sasa naweza kuumwa.”

Sisi hatujaweza kulisahau neno hilo. Naweza kuumwa. Mtu aliyemwachia mwenzake kazi anaweza kuumwa, anaweza kuzeeka, anaweza kuhamishwa, na sala isikatike. Mtakatifu Paulo alimwagiza Timotheo jambo lilo hilo: yale aliyoyasikia kwake awakabidhi watu waaminifu, watakaoweza kuwafundisha wengine. Hesabuni wenyewe, ndugu wasomaji: Paulo, Timotheo, wale waaminifu, na wengine baada yao. Ni vizazi vinne katika agizo moja. Kwaya yetu haikufika hata kizazi cha pili.

Mgeni wetu wa ZZ Top naye, tulipokuja kulifikiri lile alilotuambia, alikuwa na fundisho ambalo hatukulisikia siku ile. Baadaye tulisoma kwamba Dusty Hill alipofariki, nafasi yake ilichukuliwa na Elwood Francis, fundi aliyekuwa akiwatunzia magitaa kwa miaka mingi. Aliyekuwa nyuma ya pazia alizijua nyimbo zote. Hata huko kwenye makelele ya roki, kundi lilidumu kwa sababu palikuwa na mtu aliyekaa karibu na kujifunza bila kupigiwa makofi.

Wazee wetu walisema ngoma ikilia sana haikawii kupasuka. Sisi tuliliimba neno hilo tangu utoto tukidhani linawahusu wenye kiburi cha mali. Linatuhusu sisi watumishi wa altare. Ni rahisi sana frateri kuwa ngoma iliayo sana. Waamini wetu ni wakarimu. Wakikupenda wanakupenda kwa moyo wote, na siku ukihamishwa wanalia. Nasi huhesabu machozi yale kuwa ushahidi kwamba tulifanya kazi njema. Labda ni ushahidi wa nusu. Nusu ya pili huonekana mwaka mmoja baadaye: jumuiya ndogo ndogo zinakutana bado? Katekista anafundisha? Kinanda kinalia? Kama vyote vilisimama siku tulipopanda basi, basi tulijenga juu ya jina letu. Yohane Mbatizaji aliona wanafunzi wake wakiondoka kumfuata mwingine, na akafurahi. Sisi tunalisoma Injilini kila mwaka na hatujalijaribu.

Tusidanganyane pia kwamba kudumu ni kuganda. Ikhwani Safaa ya leo si ile ya 1905. Walianza na nyimbo za Kiarabu kwa mfano wa Misri. Kiswahili kikaingia na kutawala. Walianza wanaume peke yao. Leo wanawake wanaimba. Walikubali yale yaliyohitaji kubadilika, wakashika lile la msingi, yaani kukutana na kupiga pamoja. Mama Kanisa naye alifanya hivyo katika Mtaguso wa Pili wa Vatikano. Hati juu ya Liturujia ya mwaka 1963, katika namba ya 119, iliagiza kwamba muziki wa asili wa mataifa yetu upewe heshima na nafasi yake katika ibada. Ndiyo maana leo tunaimba kwa kayamba na ngoma, na imani ni ileile ya waliotuimbia Kilatini.

Hapa Unguja Wakatoliki ni wachache sana kati ya ndugu zetu Waislamu. Tulikuja tukidhani tutafundisha. Tumefundishwa barazani, na mzee anayeswali swala tano, jambo ambalo walezi wetu walikuwa wakitueleza seminarini kwa miaka na sisi tukiliandika daftarini tu.

Basi tulifanya nini? Tuliuweka ufunguo ndani ya bahasha, tukampa mwamini aliyekuwa akisafiri kwenda bara, tukaandika barua mbili. Ya kwanza kwa paroko, kuomba radhi. Ya pili kwa vijana wa kwaya, kuwaambia kwamba makosa ya fedha ni yao, lakini makosa ya ukimya ni yetu. Katibu wa kwaya alijibu kwa ujumbe mfupi wa simu: kinanda kimefunguliwa, panya walikula waya, wanatafuta fundi. Hakuandika kwamba wametusamehe. Tunangoja.

Na hapa tunapotumikia, kila Jumamosi saa kumi jioni, tunawafundisha watoto wanne kinanda. Wanagusa kila kitufe. Wanaharibu mipangilio. Jumapili iliyopita tulimwachia mmoja wao, msichana wa darasa la saba, apige wimbo wa matoleo. Alikosea mara mbili. Mara ya pili alisimama kabisa, akageuka kututazama, na vidole vyetu vikawasha. Tulikaa na mikono magotini. Waamini waliendelea kuimba bila kinanda ubeti mzima, na ubeti uliofuata aliwapata, akaingia nao.

Mtakatifu Sesilia, utuombee.